Sahani iliyoliwa nusu: nani anafaa kusomea tiba kazi

Kila matokeo ya fomu foo na fomu siksi yakitoka simu yangu hapa Mwanza haipumziki. Mjomba wa Igoma, shangazi wa Buhongwa, mama niliyepanga kwake miaka ile Nyegezi, wote swali moja: mtoto kapata hivi na hivi kwenye sayansi, hiyo kozi yako ya kunyoosha watu viungo ataiweza? Na mi kila mwaka naanza kwa kubishana na hilo neno kunyoosha. Sinyooshi watu, mi ni mtu wa tiba kazi. Mnaowafikiria ni fizio, wale wa mazoezi ya viungo, na hata wao ukiwaambia wananyoosha watu watakununia wiki nzima.

Kwa hiyo leo naandika mara moja, mwakani nikiulizwa natuma hii tu.

Nianze na sahani. Kuna mama mmoja, muuza dagaa wa mwaloni Kirumba, alipata kiharusi. Karudi nyumbani, anaongea vizuri, anatania wajukuu, ila mkono wa kushoto mzito. Binti yake akaniambia mkono sio shida, shida mama hali. Kila sahani anaacha nusu, wamebadilisha mboga, wamempikia sato, wamempikia mlenda, wamemnunulia mpaka soda, anakula nusu anasukuma sahani ananawa. Mmoja kasema amekata tamaa, mwingine kasema ana vidonda vya tumbo, jirani kasema hapo kuna mkono wa mtu. Mi nikakaa nae kwenye mkeka saa ya kula nikanyamaza. Kumbe ule ugali alikuwa anaumega upande wa kulia tu, anaumega anaumega mpaka katikati, unabaki ukuta umesimama kama umekatwa na kisu, afu ndo ananawa. Nikaizungusha sahani bila kusema neno. Akaiangalia, akasema "eh, kumbe bado upo", akaendelea kula.

Kilichotokea ni kwamba kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo, na ubongo wa kulia ukiumia mtu anaweza kuacha kabisa kuhesabu upande wake wa kushoto, macho mazima, yanaona, ila kwa ubongo kile cha kushoto hakipo. Ndo maana alikuwa anajigonga bega kila akipita mlangoni, na familia wanadhani ni kizunguzungu. Tukaweka kitambaa chekundu ukingo wa kushoto wa sahani, tukamfundisha asianze kula mpaka akitafute kwa macho akione, na wajukuu tukawaambia wakitaka kuongea na bibi wamuendee kwa kushoto, kama haitiki wamguse, asizoee kuishi upande mmoja.

Sasa hapo ndo kazi yetu yote ilipo. Na naomba uone kitu kimoja, pale kwenye mkeka kilichosaidia hakikuwa huruma. Binti yake alikuwa na huruma kunizidi mara mia, ndo aliyekuwa halali usiku. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na kuangalia. Watu wakiniuliza sifa ya kusomea hii fani wanategemea niseme "uwe na moyo wa huruma", na kila prospekta imeandika hivo, ila mi nikiona kijana ana huruma tu bila jicho naogopa kidogo, maana mwenye huruma bila jicho atamlisha mgonjwa kwa kijiko mpaka siku anazikwa.

Jina nalo linachanganya, ngoja nilifungue. Tiba kazi, wengine tiba kwa vitendo, hospitali tunajiita OT, kwa Kiingereza cha kutamka kwetu okupesheno therapi. Ile "kazi" sio ajira. Sio ofisi ya kutafutia watu vibarua, nimeshafuatwa na kijana ana vyeti kwenye bahasha anataka nimfanyie mpango! Kazi hapa ni kila kitu kinachojaza siku ya mtu: kuoga, kwenda chooni, kuvaa, kupika, kucheza kwa mtoto, kusoma, kuparua samaki, kwenda kanisani, kukaa kijiweni na wenzako. Ugonjwa au ajali ikikupokonya hivo vitu, sisi ndo tunahangaika na wewe mpaka urudi kuvifanya, kwa namna ile ile ya zamani au kwa namna mpya.

Fani ilianza kujipanga rasmi Marekani mwaka 1917, wakati wa vita ile ya kwanza ya dunia, askari wanarudi hawana mikono, wengine akili zimevurugika kwa mabomu, ikaonekana mtu aliyepewa cha kufanya kwa mikono yake anapona tofauti na aliyelazwa anaangalia dari. Ndo maana mpaka leo kuna wanaodhani tunafundisha kusuka vikapu. Vikapu vilikuwepo kweli, siwezi kukataa. Mwaka 1952 likaundwa shirikisho la dunia, na ndilo linaweka viwango vya vyuo mpaka leo.

Na fizio je? Tunafanana, tunagombea wagonjwa wale wale, tunakopeshana vitanda. Kwa ufupi sana na kwa kuwaonea kidogo: fizio anataka goti likunje. Mi nauliza likunje ili ufanye nini, uchuchumae choo cha shimo, upige magoti kanisani, au uingie mtumbwini? Maana hizo ni kunja tatu tofauti. Fizio mzuri nae anauliza hivo hivo, usije ukaenda kuwaambia nimesema hawaulizi.

Basi turudi kwenye jicho, maana hapo ndo pana utamu. Chuoni kazi ya kwanza niliyopewa niliidharau, mwalimu alisema andikeni hatua za kunywa chai. Nikaandika sita, chukua kikombe, mimina, weka sukari, koroga, kunywa, rudisha. Akanirudishia na kalamu nyekundu moja tu, "mkono umejuaje kikombe kiko wapi?" Nikakaa nayo usiku. Jicho limeona kikombe, ubongo umekadiria umbali, bega limeenda mbele kabla ya kiwiko, vidole vimefunguka kiasi cha sikio la kikombe kabla havijakigusa, ngozi imesikia moto, nguvu ya kubana imepanda kwa sababu kimejaa na itashuka kikipungua, na yote hayo mgongo umekaa wima haujaanguka ubavuni. Niliporudisha nilikuwa na hatua hamsini na kitu na bado sijafika kwenye sukari. Hii inaitwa uchambuzi wa shughuli na ndo moyo wa masomo yote, mengine yanazunguka hapo.

Jaribu kwa ugali uone. Mama ana mkono mmoja. Kusonga kunataka mkono wa mwiko na mkono wa kushika sufuria, ukisonga bila kushika sufuria inazunguka na mwiko, jiko la mkaa liko chini, amekaa kigoda kifupi ambacho kusimama kutoka pale kunataka mapaja yenye nguvu kuliko kusimama kitandani, moto uko karibu na ngozi ambayo pengine haisikii joto upande mmoja, na kwenye kusonga kwenyewe mwanzo ni uji mwepesi mwisho ni mzito, kwa hiyo atachoka pale pale pabaya. Tatizo liko wapi? Mara nyingi sio pale familia inapoonyesha. Kwa huyu huenda jibu ni vile vyuma viwili vya kubania mishikio ya sufuria unavikanyaga kwa miguu, fundi wa kuchomelea anatengeneza kwa hela ndogo, na kupandisha jiko juu ya tofali. Kwa mwingine mwenye mkono ule ule mmoja, jibu ni kwamba hataki kupika, ana wakwe wawili wanapika, anachotaka ni kurudi mezani kwake sokoni. Utajuaje? Unauliza. Hii nitairudia maana imenigharimu.

Sayansi ikoje sasa, maana wazazi wanataka kusikia masomo. Baiolojia, kemia na fizikia ndo mlango, kwa diploma unaingia na fomu foo, kwa digrii wale wa PCB. Ila ukishaingia kemia inakaa nyuma kidogo, anatomi ndo inakutoa jasho. Mkono tu, kuanzia kifundo kushuka, una mifupa 27. Neva tatu kubwa zinashuka huko na lazima uzijue kama unavyojua njia ya kwenu gizani: mtu amekuja kiganja kinaning'inia hawezi kukiinua, hiyo redio, ndo jina lake hiyo neva, redio kama ya kusikiliza, ulizia kama alivunjika mfupa wa juu wa mkono kwenye bodaboda au alilala mkono ukining'inia kwenye kiti usiku kucha kalewa. Mwingine vidole viwili vya mwisho vimejikunja kama kucha za kunguru, hiyo ni alna, na ukiona hivo kwa mtu ambaye pia ana mabaka ya ngozi yasiyosikia, waza ukoma, usicheke, ukoma bado upo na ukiwahi dawa zinautibu. Kuna neva na ubongo, kuna ukuaji wa mtoto mwezi kwa mwezi, kuna saikolojia na magonjwa ya akili, kuna jinsi mwili unavyojongea, hapo ndo fizikia uliyoichukia inarudi na nyenzo na egemeo lake.

Na hesabu ndogo ndogo. Mfano nyumba ina ngazi tatu mlangoni, kila moja sentimita 15, unataka mteremko wa kiti cha magurudumu. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, kila sentimita ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu ni sentimita 45, kwa hiyo mteremko wako ni mita 5 na sentimita 40. Fundi atakwambia bana mi nakuwekea wa mita mbili unatosha. Hautoshi, atapanda kwa kusukumwa na watu wawili na siku ya mvua atarudi kinyumenyume.

Sasa ichukue hiyo hesabu uipeleke Mabatini, au Bugarika, au Igogo kule juu. Mwanza yetu imejengwa kwenye mawe, wote tunajua, nyumba imekaa juu ya jiwe, choo jiwe la pili, maji unapandisha kwa ndoo kwenye kinjia ambacho mbuzi mwenyewe anafikiria kwanza. Nilifika kwa kijana mmoja, dereva boda, uti wa mgongo umeumia, kapewa kiti kizuri kabisa, kipya, na kile kiti kimewekwa nguo chafu. Kwa sababu kutoka mlangoni kwake mpaka barabarani kuna mawe sitini na mbili, niliyahesabu nikihema. Vitabu vinasema pima upana wa kiti kwa nyonga, acha nafasi ya vidole viwili kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, mfundishe ajinyanyue makalio kila baada ya nusu saa hivi asipate vidonda, yote nilifanya na yote ni sahihi na hayakumtoa ndani. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo unaosema ulemavu haukai kwenye mwili peke yake, mazingira nayo ni sehemu ya ulemavu. Nilikariri hiyo kwa ajili ya mtihani, ila niliielewa pale kwenye jiwe la arobaini. Kwake jibu halikuwa zoezi wala kifaa, lilikuwa kikao cha ukoo, ahamie kwa kaka yake Buhongwa kwenye tambarare, na kikao kile kilichukua miezi minne na mi nilihudhuria mara tatu nikila mahindi ya kuchoma na wazee. Kwa hiyo sifa nyingine andika hapo, uwe mtu wa kukalia vikao.

Mikono ya ufundi je. Ndiyo, ila sio lazima uwe fundi umezaliwa. Splinti tunazotengeneza, vile vya kushikilia mkono ukae vizuri, ile plastiki inalainika kwenye maji ya moto kama nyuzi 70 hivi, ukiitoa una dakika chache tu za kuifinyanga kwenye mkono wa mtu kabla haijapoa ikawa ngumu, na mkono wenyewe unauma na mwenye mkono kakukodolea macho. Ya kwanza yangu ilifanana na bakuli. Ya kumi ikafaa. Hapa kwetu plastiki yenyewe ni ghali na mara nyingi haipo, basi unajifunza kutumia bomba la maji la plastiki, unalipasha moto unalifungua linakuwa bapa. Watoto wenye mtindio wa ubongo tunawatengenezea viti vya maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, teknolojia imetokea Zimbabwe, safu juu ya safu, vikikauka mtu mzima anasimama juu havibonyei, na mtoto aliyekuwa analazwa siku nzima chini anakaa wima kwa mara ya kwanza anawaona ndugu zake wanavyoonekana ukiwa umekaa. Kwa mama wa mkono mmoja anayetaka kuparua samaki, ubao na misumari miwili mitatu imechomoza, unakita kichwa cha sato pale, hakitelezi, mkono mzima unaparua. Hakuna kitu hapo cha kuagiza nje, kinachotakiwa ni mtu anayepita kwa fundi seremala na kwa muuza vyuma chakavu akiwa anawaza.

Nguvu za mwili watu wanaziogopa bure. Kumhamisha mtu mzito kutoka kitandani kwenda kitini sio kubeba gunia. Unamsogeza ukingoni, miguu yake iko chini imara nyuma kidogo, kanga imekunjwa imezunguka kiuno chake unaishika hiyo, sio kwapani na wala usimvute mkono uliopooza, bega la mtu wa kiharusi linachomoka kwa kuvutwa hivo na maumivu yake hayaishi leo, unakunja magoti yako, unamwinamisha mbele pua ipite vidole vya miguu, unahesabu, anasimama kwa nguvu zake mwenyewe. Dada zangu wembamba wanafanya hii na wanaume wa kilo tisini, na mabaunsa wanaumia mgongo kwa sababu wanabeba. Ila mgongo uwe mzima kweli, na uzoee kukaa chini, maana robo tatu ya maisha ya watu wetu iko usawa wa mkeka.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nikiwa bado mgeni kazini kuna mzee katokea Ukerewe, kiharusi, mkono wa kulia. Nikamwandikia malengo mazuri kama kitabu kilivyosema, ndani ya wiki nne avae shati mwenyewe, nikamfundisha ule utaratibu, mkono mgonjwa unaingia kwanza, ukivua mkono mzima unatoka kwanza. Hajali. Kila siku naanza upya, kila siku ananiangalia kama naongea Kichina, faili nikaandika "ushirikiano mdogo". Wiki ya tatu mkewe, bibi mpole kabisa, akanivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, huyu mzee shati namvalisha mimi tangu tumeoana, hilo kwake sio ugonjwa. Analia usiku kwa sababu ya nyavu." Mzee alikuwa mshonaji wa nyavu. Watu wanamletea nyavu zilizochanika kutoka visiwa vyote vile, na sasa zimerundikana nyumbani wenyewe wameanza kuzifuata. Nilijisikia vibaya sana. Nikamwambia mwanae aje na kipande cha wavu na ile sindano ya mti, tukafunga wavu kwenye chuma cha kitanda ukavutika, mkono mgonjwa ukawa wa kukandamizia tu, mkono wa kushoto ukaanza kujifunza kushona. Wodi nzima ilikuja kuangalia. Na lile shati? Mpaka anaruhusiwa sikumuona akilivaa mwenyewe hata siku moja, nikalifuta kwenye malengo.

Ndo maana nasema kusikiliza sio tabia nzuri ya ziada, ni kifaa cha kazi kama goniometa ya kupimia mikunjo. Na kusikiliza kwetu huku kuna lugha ndani yake. Wazee wengi wa Magu, Misungwi, Kwimba, Kiswahili wanakijua ila maumivu wanayasema kwa Kisukuma. Ukiingia asubuhi na "mwangaluka" mlango umefunguka nusu, huhitaji kujua kuhutubia. Kuna heshima za wakwe, baba mkwe kapooza na anayeshinda nae nyumbani ni mke wa mwanae, ukimfundisha yule binti namna ya kumuogesha umewaaibisha wote wawili na hawatakwambia, wataitikia tu ndiyo daktari na mzee hataogeshwa. Uliza kwanza nani anaruhusiwa kumgusa, pengine ni mjukuu wa kiume, mfundishe huyo. Kuna waliopita kwa mganga kabla ya kuja kwako na watapita tena wakitoka. Ukidhihaki umewapoteza. Mi naulizaga tu kwa upole walipewa nini cha kunywa na cha kupaka, maana inanihusu kama kuna jeraha, basi.

Halafu afya ya akili, hapa wanafunzi wengi hushtuka, hawakutegemea. Fani yetu nusu yake imezaliwa huko. Mtu katulia na dawa, sauti hazimsumbui tena, ila anaamka saa tano hana cha kufanya, hajaoga, ndugu wanamuita mvivu. Kumrudishia siku yake, kuamka, kuteka maji, kulisha kuku, kupeleka mayai dukani, hiyo ni tiba na ina hatua zake, inataka utulivu wa moyo kuliko wodi ya mifupa. Kama unawaogopa watu wa namna hiyo uoga unaondoka, kama unawadharau sijui kama inaondoka.

Maswali madogo madogo niyapitie haraka. Unaogopa damu? Utaona vidonda ila thieta sio kwetu, lile neno OT, ambalo wengine wanaliita thieta, lisikutishe. We mkimya? Poa sana, wakimya wanaona mengi. Hupendi kuandika? Pole, utaandika kila siku, na uandike kinachoonekana, "amemega ugali upande wa kulia tu, ameacha nusu ya kushoto", sio "anaendelea vizuri". Una ulemavu mwenyewe? Mwenzetu mmoja anatumia kiti cha magurudumu, kuna vitu anaomba msaidizi kama kuhamisha wagonjwa, na kuna vitu mgonjwa anamsikiliza yeye kwa dakika tano kuliko mimi kwa mwezi. Kinachoshindikana kabisa ni kutokuwa mkweli, kusaini zoezi ambalo hukufanya, na kuwa na haraka, maana mtoto wa mtindio wa ubongo anaweza kuchukua miezi sita kujifunza kushika kijiko na mama yake akakuuliza kila wiki lini atatembea, na jibu unalijua sio zuri na inabidi uliseme kwa lugha ambayo atarudi tena wiki ijayo.

Ajira sitakudanganya, watu wengi hata ndani ya hospitali hawajui tupo, utajieleza mpaka uchoke, na kuna mahali utapangiwa kugawa vipeperushi. Kazi ipo nyingi ila nafasi zilizoandikwa jina letu ni chache, hivo ni vitu viwili tofauti.

Shule ya siku nyingi ya hii fani nchini iko hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa diploma angalia mwongozo wa NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, wa mwaka husika, kwa digrii ule wa TCU, tume ya vyuo vikuu, usisikilize mtu wa stationari. Popote utakaposoma, kiwango cha lile shirikisho la dunia kinataka usipungue saa 1,000 za mazoezi na wagonjwa halisi kabla hujahitimu, na ndo zitakazokuonyesha kama unafaa kuliko alama yoyote ya fomu siksi.

Ila usisubiri mpaka huko. Kabla hujajaza fomu nenda hospitali kubwa iliyo karibu na wewe, waambie unaomba siku moja ya kuangalia, wengi hawakatai ukienda kistaarabu na barua ya shule au ya serikali ya mtaa. Nenda asubuhi, simu zima. Usiende na ndala, vaa viatu vya kufunga, na suruali au sketi ambayo unaweza kukalia mkeka.